Bi Pasi na Neno Lenye Kazi Nyingi

Kila asubuhi Bi Pasi alifika kazini mapema. Alivaa aproni, akajaza maji kwenye pasi yake, akasubiri itoe mvuke. Kisha alianza. Yeye na wenzake walifua na kunyoosha mashuka na vitambaa vya meza vya hoteli za mjini. Shuka likipita mikononi mwa Bi Pasi, utafute mkunjo mpaka uchoke. Ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Mikono yake haikuwa na neno. Mwenye maneno mengi alikuwa mgongo. Kila alipoinua tita la mashuka mabichi, mgongo ulilalamika usiku kucha.

Siku moja lori lilileta mtambo mpya, mrefu kama chumba. Mashuka machafu yaliingia upande mmoja, yakatoka upande wa pili yakiwa safi, makavu na yamenyooka. Msimamizi aliwakusanya wafanyakazi akawaambia bila kuzunguka. Pasi za mashuka zitawekwa kando. Mmoja wa watu wa pasi atauendesha mtambo. Wengine watahamia kwenye kubeba matita.

Bi Pasi alishika kiuno chake. Akikosa nafasi ile, mgongo wake hautamaliza mwaka.

Fundi aliyekuja kuufunga mtambo ndiye angewafundisha, na ndiye angewajaribu mwishoni. Alikuwa mgeni, mrefu, mpole, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mtambo nao uliandikwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Bi Pasi alikuwa anajua kusoma vizuri. Kiingereza alikiacha shule ya msingi, nacho hakikuwahi kumtafuta.

Siku ya kwanza ya mafunzo alishika neno moja tu. Fundi alilisema kila mahali. Alilisema akifungua maji, akalisema akibonyeza kitufe, akalisema akichungulia pipa la sabuni. Ran, ran, ran. Jioni alimuuliza binti yake, aliyekuwa sekondari.

"Huandikwa run, mama. Maana yake ni kukimbia."

Bi Pasi alishangaa. Mtambo ule ulikuwa umefungwa sakafuni kwa bolti nene kuliko kidole. Sasa unakimbia kwenda wapi?

Binti alileta kamusi. Neno lile dogo lilijaza ukurasa mzima, likaendelea kwenye ukurasa wa pili. Kukimbia. Kuendesha. Kutiririka. Kuishiwa. Kugombea uongozi. Bi Pasi alijifunga kibwebwe. Alizikariri maana zote akiosha vyombo, akazikariri akipika. Mumewe, fundi wa viatu, alikula ugali uliotoka mkavu akasema kwa upole kwamba labda na maji nayo yamekimbia.

Kesho yake mambo yaliharibika kabisa. Kila mara fundi alipolitaja neno, Bi Pasi alizipanga maana kichwani na kuzipitia moja moja. Alipoifikia inayofaa, fundi alikuwa amekwisha kwenda upande wa pili wa mtambo. Alipoambiwa afanye yeye, mikono ile iliyozoea kazi ilikufa ganzi. Wenzake walicheka. Aliona aibu, na njiani kurudi nyumbani aibu ikageuka hasira. Alimwambia binti yake airudishe kamusi kabatini. Yeye ni mtu wa pasi, Kiingereza kina wenyewe.

Jumamosi mchana jirani yao alipiga hodi. Huyu alikuwa mwalimu wa madarasa ya watu wazima, na mkononi alikuwa na gauni la kuvaa harusini. Aliomba linyooshwe. Bi Pasi aliwasha pasi bila kusema mengi, na Mwalimu akajua kuna jambo. Akamwuliza mpaka akaambiwa yote.

Mwalimu hakutoa pole. Aliitazama pasi ikipita juu ya gauni.

"Hapo unafanya nini, dada?"

"Si unaona? Napiga pasi."

"Piga maana yake nini?"

"Mwalimu, leo umeamkaje? Piga ni kuchapa. Kumpiga mtu."

"Na gauni langu limekukosea nini?"

Bi Pasi alicheka, na hakuwa amecheka tangu aibu ya kazini. Mwalimu hakumwachia. Alimkumbusha kwamba asubuhi alipiga mswaki, akapiga deki, na mumewe akapiga simu dukani. Yeye Mwalimu amepiga hodi sasa hivi. Katika hao wote, nani ameumia?

"Hakuna aliyeumia," alikubali Bi Pasi.

"Na nani alikukalisha akakufundisha hizo piga zote?"

"Hakuna. Nilizikuta zinasemwa."

"Ulizikuta zinafanywa, dada yangu. Mama yako alishika ndoo na tambara, akakuita upige deki. Hukuuliza maana ya piga. Uliliona tambara."

Bi Pasi aliinua pasi, akaisimamisha. Alisikia kitu kikifunguka kifuani.

Mwalimu alimweleza taratibu. Neno la namna hiyo halitembei peke yake. Ukilikamata peke yake, utapata maana nyingi na hutajua ya kutumia. Sikiliza maneno yaliyo jirani nalo. Tazama anayesema ameshika nini. Kisha chukua sentensi nzima, iseme kwa sauti huku ukiifanya kazi yake. Anza na zile unazozihitaji kila siku. Kamusi iulize baadaye, kuhakikisha ulichokielewa. Usiimeze kama dawa.

Jumatatu Bi Pasi alisimama karibu na fundi kuliko wote, na macho yake hayakwenda mdomoni. Yalikwenda mikononi. Fundi alizungusha koki ya maji akasema, "Run the water." Bi Pasi akazungusha koki na kuyasema yaleyale. Fundi aliweka kidole kwenye kitufe cha kijani, "Run the machine." Bi Pasi akabonyeza, mtambo ukaanza kunguruma. Fundi alichungulia pipa, sabuni ilikuwa imebaki chini kabisa. "We are running out of soap." Hiyo hata haikuhitaji kuelezwa. Bi Pasi alikwenda mwenyewe kuleta sabuni.

Nyumbani ikawa mchezo. Binti alisema sentensi, mama akaifanya. Walifungua bomba la jikoni, wakaendesha cherehani. Sukari ilipokaribia kwisha, Bi Pasi alimtangazia mumewe, "We are running out of sugar." Mumewe alivaa viatu akaenda dukani, akinung'unika kwamba Kiingereza hakijakaa wiki ndani ya nyumba na tayari kinamtuma.

Siku ya majaribio ikafika. Wenzake waliingia mmoja mmoja, wakatoka. Zamu ya Bi Pasi ilipofika, fundi alimwekea tita la mashuka meupe. Kisha akaingiza mkono katikati ya tita, akavuta ncha ya kitambaa cha meza chekundu, kipya. Akamtazama.

"This one will run."

Sentensi hiyo Bi Pasi hakuwa ameifanyia mazoezi. Hapakuwa na koki, hapakuwa na kitufe, wala hakuna kilichokwisha. Ile orodha ya kamusi ilianza kurudi kichwani, naye akaifukuza. Akatazama mkono wa fundi. Umeshika nini? Kitambaa chekundu. Kipya. Katikati ya meupe.

Mambo ya vitambaa yalikuwa uwanja wake. Alikichomoa kitambaa, akalowesha ncha yake, akaikandamiza juu ya tambara jeupe. Tambara likawa la waridi. Rangi inachuja. Alimwonyesha fundi.

"Yes," alisema Bi Pasi. "It will run."

Akakitupa kitambaa kwenye kapu la nguo za rangi, akafungua maji, akabonyeza kitufe cha kijani. Fundi alicheka kwa furaha, akampa mkono, na hakuwa amempa mtu mwingine mkono siku ile.

Nafasi ikawa yake. Mgongo ulianza kulala usingizi. Na Bi Pasi hakula uhondo peke yake. Wakati wa mapumziko ya mchana aliwaita wenzake mtamboni, hata wale waliomcheka, akawafundisha sentensi moja moja, kila moja na kazi yake. Msimamizi alipoona wengi wanaweza, aliamua wapokezane mtambo na matita, ili asibaki mtu wa kubeba tu. Bi Pasi alifurahi kuliko siku aliyochaguliwa.

Baadaye akaja mgeni, mwenye hoteli kubwa. Aliuzunguka mtambo, akauliza kwa Kiingereza ni nani anayeuendesha. Msimamizi akafungua mdomo amjibie Bi Pasi, kama ilivyokuwa desturi.

Bi Pasi aliweka kiganja juu ya mtambo.

"I run it," alisema.

Akabonyeza kitufe cha kijani, na mashuka meupe yakaanza kutoka.