Suruali Iliyopanuliwa Mguu Mmoja

Kila anapofungua sanduku la vitambaa, fundi cherehani huikuta suruali ile ya bluu. Kila mara husema leo ataikata viraka. Haikati. Ni ya binti yake, ya enzi za kuruka kamba.

Enzi hizo binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtaa mzima ulimwita Panzi. Uwanja wake ulikuwa kibaraza cha duka la mama yake. Cherehani ikilia ndani, kamba ilipiga sakafu nje, na fundi alijua kwa kusikiliza tu kama mwanawe amefika mia. Zilikuwa siku tamu, ila hakuna aliyemwambia kwamba zitakwisha.

Kamba ikaanza kunyamaza mapema.

"Goti linauma, mama."

"Unarefuka wewe. Hata mimi niliumwa."

Ni kweli, maumivu ya kukua yapo. Lakini aghalabu hushika miguu yote miwili, na asubuhi huwa yamekwisha. Ya Panzi yalikaa mguu wa kushoto tu. Yalimwamsha usiku, na yalizidi wiki hadi wiki.

Sasa lisikieni kosa la fundi. Suruali ilipombana Panzi gotini, alifumua mshono akaipanua. Baada ya wiki tatu ikabana tena, akapanua tena. Kwa miaka ishirini alikuwa amepanua nguo za watu bila kuuliza kwa nini zinabana, maana maswali hayo hufukuza wateja. Mazoea yana taabu. Jioni alilikanda goti lile kwa mafuta, kwa nguvu, na Panzi aliuma mto.

Siku moja nesi wa mtaani alikuja kuchukua sare yake. Akaiona suruali mezani.

"Mbona unapanua mguu mmoja?"

"Ya Panzi hiyo, dada. Alianguka, goti likavimba kidogo."

"Lini?"

Fundi akahesabu kwa vidole. "Miezi miwili."

"Uvimbe wa kuanguka hupungua. Huu unaongezeka. Mwite."

Nesi aligusa goti polepole. Lilikuwa na uvimbe mgumu.

"Acha kukanda kabisa," alisema. "Kesho hospitali, apigwe picha ya mfupa."

"Unaogopa nini, dada?"

"Huenda si kitu kikubwa. Lakini iko saratani ya mfupa, na huwapata sana vijana wanaorefuka, hasa hapa gotini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukapime."

Picha ilionyesha doa. Daktari akatoa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano, kikapimwa. Ilikuwa saratani.

Fundi alilia hadi sauti ikamkauka. "Ni husuda? Au ni kule kuanguka?"

"Si husuda, si kuanguka, wala haiambukizi," nesi alimjibu. "Ina matibabu."

"Nilipanua mara mbili, dada."

"Hukujua. Sasa unajua."

Kwanza Panzi alipewa dawa za kuua saratani kupitia mshipa, kwa wiki kadhaa. Alitapika, nywele zikamtoka, mama yake akamshonea kofia za kila rangi. Nesi aliwaonya: akipata homa hata kidogo wasingoje kesho, kwa kuwa dawa hizo hupunguza kinga ya mwili. Alipata homa mara moja, wakamkimbiza hospitali saa ileile, akapona.

Kisha ukaja upasuaji. Daktari alieleza kwamba wengi huondolewa mfupa mbovu na kuwekewa chuma, mguu ukabaki. Kwa Panzi, uvimbe ulikuwa umezingira mishipa mikubwa ya damu. Ilibidi mguu ukatwe juu ya goti.

"Haukatwi," alisema fundi.

Hapo Panzi akamshika mkono. "Mama, wewe unalilia mguu. Mimi nataka kuishi."

Fundi akatia sahihi.

Baada ya upasuaji dawa ziliendelea miezi mingi. Ukaja mguu wa bandia, nao haukupita kwenye suruali. Fundi akaweka zipu ndefu ubavuni. Wazazi wengine wodini wakaona, wakaleta suruali za watoto wao.

Leo Panzi ana miaka ishirini na anasomea ualimu. Tarehe ya kupimwa haikosi, maana saratani hii huweza kurudi, hata mapafuni. Jioni hukaa kibarazani akiwazungushia watoto kamba. Ndani, fundi husikiliza sakafu ikipigwa, na machozi humlengalenga.

"Wamefika ngapi?" huuliza.

"Tisini, mama. Hawaniwezi hawa."

Juzi aliingia mama mmoja na suruali ya shule.

"Fundi, nipanulie hapa gotini. Mguu huu mmoja tu."

Fundi akasimamisha cherehani. Akaisukuma suruali pembeni, akavuta kigoda.

"Kaa, dada. Mtoto anaumwa tangu lini?"