Jina Kwenye Skrini ya Dorkasi

Herufi zilianza kupandana asubuhi, ukungu wa kreta ukiwa bado umelala juu ya mapaa ya Karatu.

Dorkasi alikuwa fundi kompyuta wa kampuni moja ya kupeleka watalii Ngorongoro. Akiwa ofisini kwake, aliingia kwa mtandao kwenye seva ya kampuni iliyoko Arusha, akafungua faili la mipangilio abadilishe kitu kidogo. Mistari ikajirudia. Kishale kilikuwa huku, maandishi yakatokea kule. Akampigia Inosenti, aliyeifanya kazi hiyo kabla yake na ndiye aliyempigia debe mpaka akaajiriwa.

"Kaka, skrini imevurugika yote."

"Seva haijui unatumia skrini ya aina gani, wala ukubwa wake. Iambie upya, kisha lifungue faili tena." Halafu Inosenti akashusha sauti. "Na harufu je? Hujasikia harufu?"

"Harufu gani?"

Simu ikakatika.

Dorkasi akaandika aina ya skrini, akapanua dirisha la kompyuta, akalifungua faili upya. Maandishi yakanyooka. Akashusha pumzi, na hapo ndipo harufu ya nywele zilizoungua ilipojaa chumbani, na mikono yake ikiwa mapajani herufi zikaanza kujiandika zenyewe, taratibu, kama za mtu anayejifunza kuandika, Dorkasi, Dorkasi, Dorkasi, mpaka zikajaza dirisha lote, na kila herufi ilipotua kitu kikapumua nyuma ya shingo yake.

Alipanda bodaboda hadi kijiji cha Qurus, akarudi na Mama Germana, mganga. Mama akafukiza dawa ofisini, akamuuliza jini aliyemwingia Dorkasi nani kamleta.

Jini akajibu kwa kinywa cha Dorkasi, kwa sauti nzito: "Inosenti. Alinichoka, akanitafutia mtu anayemwamini."

Dorkasi alipopata kauli yake, alipiga simu, akaiweka mezani wote wasikie. Inosenti alikuwa akilia kabla ya kuulizwa.

"Jini alianza kumfuata mwanangu, dada. Ningefanyaje?"

"Ulinishika mkono ukanikalisha kwenye kiti hiki mwenyewe," Dorkasi alisema. "Nilikushukuru mpaka nikatokwa na machozi. Nawe ulikuwa unajua."

"Nisamehe."

Jini akamcheka humo humo kifuani. "Nipe jina la mtu, nitoke."

"Usimtaje mtu, mwanangu," Mama Germana alinong'ona, akimkamata mabega. "Ukitaja, umekuwa kama yeye."

Dorkasi akauma midomo mpaka ikatoka damu. Hakutaja. Lakini hasira ilikuwa imeshalileta jina moyoni, na jini alikuwa humo, akilisoma.

Harufu ikakatika ghafla. Dirisha likafutika lote, kisha jina moja likajiandika mara moja tu, kila herufi ikiwa mahali pake: Inosenti.

Na kwenye simu ambayo hakuna aliyeikata, walisikia mtoto mdogo wa Inosenti akimwita baba yake, kwa sauti ile ile nzito ya jini.