Kipara Ndani ya Banda la Malkia

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipita sokoni kuokota majani ya karoti yanayotupwa na wauza mboga, kisha akarudi mbio kumlisha Malkia. Jina la Chiriku alipewa nyumbani, maana mdomo ule haukujua kufungwa. Hata usingizini aliongea. Na Malkia, wajukuu zangu, msidhani ni mtu wa taji kichwani. Alikuwa sungura jike, mweupe, mnene, anakaa kwenye banda la mbao nyuma ya karakana ya baba yake Chiriku, fundi seremala.

Lakini siku hizo majani yalikuwa yanabaki. Mwenzake Malkia alikufa kwa kuharisha, na tangu hapo Malkia alijikunyata pembeni, mbavu zikaanza kuonekana. Sungura hawezi upweke. Sisi tukiwa wapweke tunajipa kazi. Sungura ana kazi gani?

Baba akampeleka binti yake kwa daktari wa mifugo, mama mfupi mwenye sauti kama tarumbeta. Daktari akawatolea dume la rangi ya majivu, sikio limechanika, mgongo hauna hata unyoya.

"Huyu nimemnyakua mdomoni mwa mbwa," alisema. "Kuna mtu alikuwa anafundisha mbwa wake kuua, anawatupia sungura hai. Huyu alingoja zamu yake ndani ya gunia, anasikia wenzake wanavyoraruliwa. Vidonda vimepona. Moyo bado."

"Masikini Kipara!" alisema Chiriku, na jina likaganda hapohapo.

"Nisikilize vizuri, mama," daktari alimwambia. "Usiwaweke pamoja. Kila mmoja na banda lake, ubavu kwa ubavu, wavu tu katikati. Tambara alilolalia huyu, kesho mpe yule, na la yule mpe huyu, mpaka pua zizoeane. Wakianza kulala wameegemeana kwenye wavu, ndiyo uwakutanishe, tena mahali pasipo pa yeyote. Wakiumizana, namchukua. Huyu ameshaumwa vya kutosha."

Chiriku aliitika kwa adabu zote. Siku za mwanzo alifuata. Ila jirani yao, bibi fundi cherehani, alikuwa na mjukuu anayeitwa Kibonge, darasa moja na Chiriku, na ulimi wake ulikuwa na pilipili.

"Hawa sungura wenu mbona uchumba wao mrefu hivyo?" Kibonge alicheka. "Watazeeka kabla ya harusi!"

Maneno yakamchoma. Basi Jumamosi moja, baba yuko kwenye msumeno, Chiriku akapata akili yake. Alichukua tambara la Malkia, lile lenye mkojo na harufu yote, akamsugua nalo Kipara kuanzia masikio mpaka mkia. Alidhani akinukia kama mwenyeji, atapokelewa kama mwenyeji. Akafungua banda la Malkia, akamsukumia ndani.

Jamani! Hebu fikiria umeamka, unakuta mtu humjui kasimama chumbani kwako, tena kavaa nguo zako. Malkia alimrukia. Akamng'ata lile sikio bovu, akalivuta mpaka likapasuka tena. Manyoya yakaruka kama pamba ya mto uliotobolewa. Kipara alijigonga kwenye mbao, paa, paa, akitafuta mlango, halafu alipokosa pa kukimbilia akageuka naye. Miguu ya nyuma ikamchana Malkia tumboni. Wakabingirika, mpira mmoja wenye meno, na Kipara akapiga ukelele kama wa mtoto mchanga. Chiriku alitia mkono kuwaachanisha. Jino likazama kwenye kidole chake hadi kwenye mfupa. Alimvuta Kipara nje, damu ya sungura na damu yake haijulikani ipi ni ipi.

Baba akatokea mbio. "Nini hiki?"

Chiriku akakumbuka: wakiumizana, namchukua.

"Paka!" alisema. "Yule Chui, paka wa kina Kibonge! Ameingia bandani!"

Baba hakuuliza mara mbili. Mtu mpole yule, lakini hasira ilipompanda alikuwa kama moto kwenye maranda ya mbao. Akaokota ubao, akavuka uani kwa jirani. Chui alikuwa amelala juu ya vitambaa vya bibi, anaota zake. Ubao ukashuka. Mguu ukalia kama kijiti kikavu. Paka akajiburuta ukutani, anapiga makelele, na baba akauinua ubao tena.

Kibonge akajitupa juu ya paka, akamfunika kwa mwili wake.

"Baba, acha! Siyo paka! Ni mimi!" alipiga kelele Chiriku, akitokea mbio nyuma yake.

Ubao ulikuwa umeshaanza kushuka. Baba aliupindisha kwa nguvu zake zote, ukapiga ukuta karibu kabisa na kichwa cha Kibonge, ukapasuka vipande viwili. Cherehani ya bibi ilikuwa imesimama katikati ya mshono.

Chiriku alisema yote, na kwa mara ya kwanza alisema kwa maneno machache.

Daktari aliletwa. Alishona sikio, akafunga mguu wa paka kwa vijiti, akasafisha kidole cha Chiriku bila kumbembeleza.

"Nilikuja na sanduku la kumchukua Kipara," alisema. "Lakini umeniambia ukweli, na mkweli anafundishika. Anza upya. Matambara, mama. Matambara!"

Wakaanza upya. Vidonda vikakauka, sungura wakaanza kulala wameegemeana kwenye wavu, na Chiriku akawapeleka bafuni, kwenye sakafu isiyo ya yeyote. Walikaa wamepeana mgongo kama waliokosana msibani. Kisha Malkia akasogea, akainamisha kichwa, na Kipara akakiramba. Siku hiyo majani ya karoti hayakubaki hata moja.

Chiriku alikwenda kumwomba radhi bibi, akiwa na baba yake. Chui alipita katikati yao akichechemea. Bibi aliinua macho kutoka kwenye sindano.

"Mjukuu wangu, uongo hauna mikono," alisema. "Ukiutuma kazi, unaazima mikono ya anayekuamini."

Baba aliitazama mikono yake, akairudisha nyuma ya mgongo. Chiriku akaufuata mmoja, akaushika.