Benchi la Wasiosalimiana

Godoro la Justus lilimgonga Nthenya kisogoni katikati ya soko la Machakos, na maembe yake yakatawanyika.

"Pole, mrembo! Sikukuona."

"Niko na sketi ya manjano hivi, na hukuniona?"

"Sasa hata nikifumba macho naona."

Nthenya alicheka. Wakiokota maembe alimwambia anasomea fizikia chuoni: jinsi elektroni, chembe ndogo za umeme, zinavyosukumana ndani ya vipaipu vya kaboni vyembamba kuliko unywele. Justus, muuza magodoro, alishika maneno mawili tu: umeme na paipu.

Miezi ikapita, wakapendana, na jioni moja Justus akapiga simu. "Hao watoto wako wa umeme wamelala?"

"Wanasukumana tu, mpenzi."

Mambo yaliharibika kijijini Katangi, alipompelekea Mbula, mama yake Nthenya, godoro na kuahidi mbuzi wa posa. Alipoulizwa na akina mama wa kanisa msichana anasomea nini hasa, alijibu kwa fahari, "Umeme wa paipu!" Jumapili iliyofuata Nthenya alitoka kanisani akakuta pasi, redio na pampu ya maji, vyote vibovu, vikimngoja avitengeneze.

"Umenifanya fundi!" alifoka kwenye simu.

"Sweetie, nilikuwa nakusifu..."

"Hujui ninachofanya. Mbuzi wako wa posa, kaa nao!"

Usiku ule Justus alikaa na simu yake. Alisikiliza upya kila ujumbe wa sauti ambao Nthenya aliwahi kumtumia kuhusu masomo yake, polepole, mpaka akaelewa. Kisha, kwa shati jeupe lililonyooshwa, akaenda Katangi na kuwaomba akina mama wakae kwenye benchi moja baada ya ibada. Kavutha na Kalondu, waliokosana kwa ajili ya kuku, waliachiana nafasi ya mtu mzima.

"Elektroni hazipendani," alisema Justus. "Kila moja inataka nafasi, lakini paipu ni nyembamba, hakuna inayoweza kumpita mwenzake. Sista Kavutha, sogea kwa Sista Kalondu."

Kavutha akasogea. Kalondu, bila kuguswa, akaruka kando kama aliyeona siafu. Jirani yake naye akasogea, na wa pili, hadi Mbula, aliyekaa mwishoni, akajikuta kwenye nyasi, kofia puani.

"Ikisonga moja, zote zinasonga," Justus alimaliza, jasho likimtiririka. "Hiyo ndiyo kazi ya Nthenya. Pasi zenu pelekeni kwa fundi."

Nthenya, aliyekuwa akitazama kutoka mlango wa kanisa, alicheka mpaka machozi.

"Nimekosea?" Justus akauliza.

"Kidogo. Elektroni hazivai kofia." Akamkaribia. "Wale mbuzi wako wapi?"

"Ulisema nikae nao."

"Walete."

"Niinueni kwanza!" Mbula akaita kutoka chini. "Halafu awalete. Na wawe wanene."