Mashujaa Saba na Mzee Mmoja

Jumamosi, jengo limefurika, lifti nayo ikachagua saa hiyo hiyo kugoma. Watu walibanana ndani kwa joto, mama mmoja akikemea mapepo kwa sauti. Mlango ulipofunguliwa kwa nguvu, nje alisimama fundi wa lifti mwenye ovaroli ya kijivu, grisi mpaka shavuni. Wa mwisho kutoka alikuwa binti wa mapokezi wa kliniki ya meno ya ghorofa ya nne. Gauni lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni, na macho yake yalibaki kwenye tangazo la filamu lililobandikwa ndani: mashujaa saba, kofia za chuma, majoho yanapepea.

"Dada, wenzako wamekimbia, wewe unasoma?"

"Naangalia tarehe. Baba yangu anaisubiri hii kuliko alivyokuwa anasubiri mshahara."

"Basi tuko watatu," akasema fundi.

Yakaanzia hapo. Yeye akamwita Bi Meno, naye akaitwa Fundi tu, na simu zikawa hazipoi.

"Umekula, Bi Meno?"

"Nimekula. Na wewe acha kuning'inia huko juu huku unaongea na simu."

"Nikianguka utanidaka."

"Nitakung'oa meno yatakayobaki."

Baba yake Bi Meno alikuwa dereva wa malori mstaafu. Moyo umechoka, miguu imevimba, lakini umtajie shujaa yeyote anayeruka angani, atakutajia mpaka mama mzazi. Siku filamu inatoka ndiyo siku Fundi alikaribishwa kwao chakula cha mchana. Alivaa shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi likanyooka. Shangazi wakamhoji kwa mpigo, kaka mtu akamkazia macho. Mzee alikuwa kitandani. Alimshika mkono, akamwambia, "Leo siwezi kwenda, mwanangu. Nenda wewe, uje unisimulie." Bi Meno akabaki na baba yake, Fundi akaenda peke yake.

Jamani, filamu yenyewe. Saba wote walikuwa wanagombea kuongea, hakuna aliyeokoa hata paka. Fundi alitoka ukumbini amenuna, akawasha simu, akarekodi ujumbe wa sauti papo hapo, hata salamu akasahau.

Bi Meno aliusikiliza jioni hiyo kwenye korido ya hospitali, ameegemea ukuta. Baba yake, aliyekimbizwa huko alasiri, alikuwa ameshafariki. Kaka yake alikuwa amemwambia, "Nimewapigia wote." Hakusema kwamba simu ya Fundi haikupatikana.

"Mpenzi, nimechoka," sauti ya Fundi ikasema. "Watu wote wale, kila mmoja anataka asikike yeye tu. Na yule mzee alipokufa, nilishukuru. Nikasema afadhali, angalau tutapumzika."

Hakuweza kusikiliza zaidi. Shangazi zake ndio watu wote wale? Na baba yake, aliyemwita mwanangu mchana wa leo? Akaizuia namba ya Fundi.

Fundi alikuja msibani na shati lile lile la bluu. Kaka mtu akamkuta getini. "Dada hataki kukuona. Nenda zako." Fundi hakuuliza sababu, alidhani anaijua. Mzee wa watu anakata roho, yeye amekaa kwenye giza anatafuna bisi. Aliomba kazini wamhamishie majengo ya upande wa pili wa mji. Wakawa wanalia wote wawili, kila mtu kwake, kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya.

Ikapita karibu mwaka. Asubuhi moja televisheni ya kliniki ilikuwa inaonyesha filamu, wagonjwa wanatazama huku wameshika mashavu. Mwanamume mmoja, jino limemvimbisha uso, akasema kwa taabu, "Afadhali amekufa huyo mzee. Angalau tutapumzika."

Wenzake wakacheka. Bi Meno akainua kichwa. Kwenye kioo, watu saba wenye kofia za chuma walikuwa wanagombana juu ya maiti ya mzee mwenye ndevu.

"Samahani, kaka. Hii ndiyo ile ya mashujaa saba?"

"Ndiyo hiyo, dada. Usiipotezee muda."

Akaingia stoo ya glavu, akafunga mlango. Ule ujumbe hakuwahi kuufuta, wala hakuwahi kuumaliza. Akausikiliza mpaka mwisho.

"... angalau tutapumzika. Filamu mbovu, Bi Meno, sijapata kuona. Ila usimwambie baba, kaisubiri mno. Kesho nakuja kumsimulia mwenyewe. Nitaitengeneza njiani."

Alilia mpaka pua ikaziba, ndipo akapiga simu.

"Haloo?"

"Fundi."

Nyuma yake nyundo ilikuwa inagonga chuma.

"Nisamehe," akasema Fundi. "Baba anakufa, mimi nipo sinema. Nisamehe."

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha," akasema Bi Meno, na akamweleza yote, sauti ikikatika.

Jumapili walikwenda makaburini. Fundi alivaa shati la bluu, sasa linampwaya mabegani. Wakakaa kwenye nyasi.

"Msimulie," akasema Bi Meno. "Ulimwahidi."

"Ni mbovu, mpenzi."

"Si ulisema utaitengeneza?"

Fundi akasafisha koo, akaanza. Mashujaa wake walisikilizana. Waliokoa mji mzima, na paka juu. Bi Meno alikuwa analia bila kujificha, ameushika mkono ule ule ulioshikwa na baba yake.

"Na yule mzee?" akauliza.

Fundi alitazama kaburi.

"Yule mzee," akasema, "hafi."