Binti Yangu Aliniletea Watu wa Corona Hadi Mlangoni

"Huyo ameketi ndio Kogo. Na huyu amesimama ni mum. Bebeni wote."

Jamani... hiyo ilikuwa sauti ya binti yangu wa kuzaa!

Mchana kweupe! Gari jeupe limesimama kwangu, hapa Bahati, Nakuru, milango wazi. Majirani wote wametoka kuanika nguo ambazo zilishakauka tangu asubuhi. Watu watatu wanashuka wamevaa yale mavazi meupe ya kufunika hadi nywele. Wawili sikuwajua. Wa tatu alipovua miwani nikaona macho ya Cate.

"Cate! Unaniuza mimi mama yako?"

"Mum, ingia kwa gari."

"Siingii!"

"Basi Kogo anaenda peke yake."

Nilimrukia. Mmoja wa wale watu akanishika mkono, na mimi Jepkoech, ambaye sijawahi kushikwa mkono na mtu hadharani, nikaburutwa mbele ya majirani kama mwizi wa kuku!

Sasa kabla hamjaanza kunitukana kwa comments, ngojeni niwaambie ilivyoanza.

Huyo Kogo ni mama mkwe wangu. Wajukuu wanamwita hivyo, nasi wote tukazoea. Ana sukari, ana presha, na kifua chake si cha kuchezea. Mume wangu Kipkemoi anafanya kazi Eldoret, na siku aliponiachia mama yake alisema neno moja tu.

"Jepkoech, mamangu yuko mikononi mwako."

Mwanamke aliyeolewa anajua uzito wa hilo neno. Mama mkwe akifia mikononi mwako, hata kama amepigwa na radi, utaulizwa radi ulikuwa umeiweka wapi.

Basi ilikuwa mwaka wa pili wa corona. Cate alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu ya chuo. Wenzake walikuwa wanauza smokie, wengine wanalala hadi saa sita. Wangu akaingia jikoni siku moja meno yote nje.

"Mum, nimepata job!"

"Wapi?"

"Hapo highway, penye matrela hupark. Tunapima madereva."

"Mnawapima nini?"

"Corona."

Niliweka mwiko chini.

"Kazi zote ziliisha Nakuru? Ulikosa hata ya kuuza viatu?"

"Mum, relax. Si mimi naingiza kijiti kwa pua. Mimi naandikisha watu na kupanga laini. Na tunapewa PPE, yale mavazi ya kujikinga."

"Na Kogo nani atampea PPE?"

Nikampigia babake nikijua atanisaidia kumzuia. Wapi! Kipkemoi akasema mtoto aachwe ajitafutie, bora Kogo asiguswe. Yaani yeye anapendwa na mtoto, na mimi naachiwa kazi ya askari!

Haya. Nikawa askari kweli.

Cate alihamia stoo, pamoja na magunia ya mahindi. Akitoka kazini anaogea nyuma ya nyumba, nguo anazivulia huko na kuziloweka. Sahani yake, kikombe chake. Chakula naweka kwenye kigoda, nikirudi nyuma ndipo achukue. Kogo alimsalimia akiwa mbali, kwa kupiga kelele.

Kogo hakupenda hata kidogo.

"Mama Cate, huyu mtoto aliua mtu?"

"Bado, Kogo. Ndiyo tunamzuia."

Mnajua kilichoniudhi zaidi? Cate hakulalamika! Mtoto akinung'unika unajua mnagombana. Yeye alikuwa anasema "sawa mum", anachukua sahani, anaenda. Nikaona ni kiburi. Nikamwongezea masharti.

Halafu rafiki yangu Truphosa, jirani wa ua la pili, akaja na dawa.

Mnaikumbuka ile dawa ya mwaka ule? Majani ya mkaratusi, ndimu, tangawizi na kitunguu. Unachemsha sufuria kubwa, unajifunika blanketi, unavuta mvuke hadi machozi yatoke. Ilikuwa imezunguka kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, kila mtu anaapa kwamba corona haiwezi kupita hapo.

"Mama Cate, na vile uko na mtu wa corona hapa kwa boma, hii usikose," Truphosa akaniambia. "Nitakuwa nakuja tujifukize pamoja."

Nilimshukuru sana. Nikasema huyu ndiye rafiki, anaingia kwangu wakati wengine wanapita mbali.

Kila jioni tulikaa uani. Sufuria moja, blanketi moja, lile zito la Kipkemoi, kwa sababu mepesi yalikuwa yanaachilia mvuke. Truphosa upande huu, mimi upande ule, na Kogo tukamweka katikati. Si yeye ndiye tuliyekuwa tunamlinda?

Siku ya kwanza Cate alitoka stoo akasimama.

"Mum! Mko watatu kwa blanketi moja?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Mnapumuliana, mum! At least kila mtu ajifunike yake."

"Mvuke unaua kila kitu! Nyamaza huko, wewe ndiye umetufikisha hapa!"

"Lakini mum..."

"Nimesema nyamaza!"

Akarudi stoo.

Ndani ya blanketi Truphosa akaanza kukohoa. Alikohoa hadi sufuria ikatikisika.

"Unaona?" akasema akipangusa macho. "Inatoka!"

"Inatoka!" nami nikasema, nikifurahi.

Kogo naye siku chache baadaye akakohoa. Tukampigia makofi, wenzangu. MAKOFI! "Toa yote, Kogo! Toa!" Tulikuwa tunashangilia kikohozi cha mgonjwa wa presha.

Baadaye Kogo akakataa ugali. Akakataa hata mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yeye ambaye huwezi kumnyima mursik mkakaa kwa amani. Akisimama anashika ukuta.

Hasira ilinipanda kichwani. Nikampigia Kipkemoi.

"Binti yako ameleta ugonjwa! Nilisema! Nilisema mkaniona mjinga!"

Kipkemoi akampigia Cate. Sikusikia alichosema, lakini nilimwona mtoto akiwa mlangoni pa stoo, simu sikioni, anatikisa kichwa tu.

"Dad amesema nitoke," akaniambia. "Nisirudi hadi Kogo apone."

"Umesikia. Enda ukaishi na madereva wako."

Hakulia. Akaanza kupanga nguo kwa begi.

Sisi tulikuwa tumeshabandika sufuria, siku hiyo mapema, kwa sababu Kogo alikuwa amezidiwa. Nikainama kunusa mvuke, nikakasirika tena.

"Truphosa, haya majani umetoa wapi? Hayanuki."

"Hata mimi sisikii kitu. Ongeza."

Nikaongeza konzi mbili. Wapi. Nikakata tangawizi nyingine yote, nikaminya ndimu zilizobaki. Ilikuwa ni kama nachemsha maji ya bomba. Nikasema siku hizi hata miti imekuwa feki.

Cate alikuwa anapita na begi lake kuelekea langoni. Macho yake yalikuwa yanatoa machozi, anapiga chafya juu ya chafya.

"Mum, umeweka nini hapo? Hiyo harufu inafika hadi kwa stoo!"

"Harufu gani? Hii hata hainuki."

Akasimama ghafla.

"Umesema?"

"Hainuki! Wewe ni kiziwi?"

"Na wewe, auntie Truphosa?"

"Mimi pia, hakuna kitu."

Mtoto alituangalia mmoja mmoja. Mimi, Truphosa, kisha Kogo, ambaye alikuwa ameegemea bega langu anahema midomo wazi. Cate akaacha begi palepale na kukimbia nje ya lango.

Nikajua sasa ndiyo ameanza kulia. Nikasema alie, atanyamaza.

Baada ya muda lile gari jeupe la kazini kwake likasimama langoni, likatubeba sote watatu, na Truphosa pia... na hapo ndipo nilipoanzia.

Hospitalini walituingiza vijiti puani, wote. Mimi nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno tayari ya kumwambia daktari kuhusu watoto wa siku hizi wanaoletea wazazi magonjwa.

Nesi akaja na majibu.

"Kogo, positive. Mama Cate, positive. Truphosa, positive."

"Na yule msichana?" nikauliza. "Yule aliyetuletea?"

"Cate? Hao hupimwa kila wiki huko kazini. Leo tumempima tena, yuko sawa."

"Pima tena!"

"Mama, tumepima. Hana. Ni yeye aliyegundua, alipoona hamsikii harufu. Hiyo ni dalili ya corona."

Nilikaa kitandani. Kwa boma langu lote, mtu pekee ambaye hakuwa na corona alikuwa yule niliyemlaza na magunia!

Sasa ilitoka wapi?

Nikageuka kumwangalia Truphosa, kitanda cha pili. Alikuwa ameangalia ukuta.

"Truphosa."

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Truphosa, niangalie!"

"Nilienda Kabazi," akasema polepole. "Kabla tuanze hiyo mambo ya mvuke. Nilienda kuuguza dada yangu. Walisema ni kifua tu... Tukamzika."

"Na ukarudi ukaingia kwa blanketi langu?"

"Nilikuwa nimeanza kukohoa, Mama Cate. Niliogopa kupimwa, niliogopa watu wa mtaa. Nikasema nikijifukiza na nyinyi itaisha pole pole na hakuna mtu atajua."

"Na Kogo ukamweka katikati!"

"Ni wewe ulisema akae katikati."

Wapendwa, kuna maneno yanakuja bila kelele na bado unaona ni kama umezabwa kofi. Nilitaka kumrukia na yeye pia, lakini nguvu zilikuwa zimeniisha, na pia alikuwa amesema kweli.

Kogo alikuwa upande mwingine, mashine ya oksijeni usoni. Nesi aliniambia hewa yake ilikuwa imeshuka vibaya, na kama tungengoja hadi kesho yake asingefika. Wakati huo mimi ningekuwa bado nachemsha majani, nasema ni feki.

Nilimpigia Kipkemoi. Nilimweleza yote, kikohozi, blanketi, makofi, kila kitu. 

"Jepkoech, mimi nilifukuza mtoto."

"Tulimfukuza."

"Nitamwambia nini sasa?"

"Sijui. Hata mimi sijui nitamwambia nini."

Mungu si Athumani. Kogo alipona! Siku tulipomrudisha nyumbani alikuwa mwembamba, lakini mdomo ulikuwa umerudi, anauliza ni nani amekula kuku wake wote.

Cate alikuja kutuona. Akasimama nje ya lango, barakoa usoni.

Nilimwendea. Mimi si mtu wa kuomba msamaha watoto, nawaambia ukweli, sikulelewa hivyo. Nikaanza kumkasirikia tena bure.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamfokea. "Uliona tunajiua, ukanyamaza!"

"Mum, nilikuambia. Ukasema ninyamaze."

"Ungesema kwa nguvu!"

"Kila siku nilikuwa naambia madereva wasikae wengi kwa trela moja, wasishare kikombe. Watu siwajui wananiskiza. Nikifika home, mum, hakuna siku hata moja uliniuliza tunafanya nini huko."

Hapo ndipo nililia. Mbele ya wale majirani wa nguo zilizokauka.

"Nisamehe, Cate."

"Nimekusamehe, mum."

"Basi ingia. Kitanda chako nimekitandika, si stoo. Rudi nyumbani."

Akatikisa kichwa.

"Sirudi saa hii."

"Bado uko na hasira?"

"Kiasi. Lakini si hiyo. Kazi bado inaendelea, na jana tumepata wengine wako nayo. Kogo ndio anaanza kupumua poa, siwezi risk kumletea. Nitakaa na msichana mwenye tunafanya kazi na yeye hadi likizo iishe."

Kogo akaita kutoka barazani, "Cate! Kuja hapa nikuone!"

Mtoto akampungia mkono kwa mbali, akageuka na kwenda zake. Na mimi nilibaki nimeshika lango. Nilitaka kumkimbilia nimrudishe kwa nguvu, nikakosa hata sababu ya kumpa, maana alikuwa anamlinda Kogo kuliko nilivyomlinda mimi.

Wazazi wenzangu, ogopeni kazi za watoto wenu, mna haki. Hata leo ningeogopa. Lakini kabla hujamhukumu mtoto, mkalishe umuulize huko anafanya nini na amejifunza nini, halafu ufunge mdomo na usikilize.

Mimi nilijua kufoka tu, na karibu nimzike mama wa watu.