Bahari Ndogo ya Bungulu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nadège alifagia mbele ya duka la shangazi yake, akachota bidon mbili za maji kwenye chemchemi, kisha akatundika vitenge mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na shangazi yake huyo, Emérence, huko Bungulu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo. Ulikuwa mwaka 2001, wakati wa vita. Siku nyingine barabara ilifungwa na malori hayakupita. Siku nyingine shule haikufunguliwa kwa sababu ya milio ya risasi. Hata hivyo watu waliendelea kulima, kuuza na kuoana.

Emérence alikuwa akisafiri hadi Mombasa kununua bidhaa. Safari moja alirudi na kitu ambacho majirani zake hawakuwahi kukiona. Katikati ya marobota ya vitenge kulikuwa na sanduku la kioo, pampu ndogo ya hewa, mifuko miwili ya chumvi maalumu, na mawe yaliyofungwa kwa magazeti yaliyolowa.

"Tantine, unatoka Mombasa na mawe?" Nadège aliuliza huku akiziba pua. "Na inanuka!"

Emérence akacheka. "Hata kwenye barrière ya barabarani askari aliniuliza vile. Alifungua gazeti moja, akanusa, akasema, 'Mama, pita mbio!' Haya mawe yametoka baharini, mtoto wangu. Ndani yake kuna uhai. Mimi niliona bahari, nikasema: batu ya Beni nabo baione, hata kidogo."

Jumamosi walianza kazi dukani. Emérence alikuwa ameandika katika daftari kila neno la mtu aliyemuuzia vitu hivyo. Walijaza sanduku la kioo maji safi ya mvua, wakatia chumvi na kukoroga kwa mwiko mpya ambao haujawahi kugusa mafuta. Kisha Emérence akaelesha ndani yake kipimo chembamba cha kioo. Kikizama sana, chumvi haitoshi. Kikiinuka sana, chumvi imezidi. Walirekebisha mara tatu mpaka kikasimama penye mstari wake. Ndipo wakapanga mawe, wakaunganisha pampu na betri ya gari iliyochajiwa na paneli ya jua juu ya paa.

"Na samaki?" Nadège aliuliza.

"Kiisha wiki sita."

"Wiki sita!"

"Maji mapya ni kama nyumba yenye haina choo," Emérence alisema. "Ukileta wageni leo, kesho watagonjwa. Kwenye haya mawe kuna vidudu vidogo sana, macho haiwezi kuviona. Hivyo njo vitakula uchafu wa samaki. Lakini kwanza viongezeke."

Majirani walicheka sana. "Emérence anafuga mawe!" walisema. Watoto walichovya vidole, wakalamba, wakapiga kelele, "Kweli, iko chumvi!" Nadège alipewa kazi ya kuangalia maji. Yakipungua, aliongeza maji ya mvua yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji hupaa hewani lakini chumvi hubaki.

Katika wiki ya nne, alipokuwa akifuta kioo, kitu kama ua dogo kilichomoza kwenye tundu la jiwe. Alipogonga kioo kwa ukucha, kikaingia ndani upesi kama ulimi. Nadège alipiga kelele hata wateja wakakimbilia dukani. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena habari ya kufuga mawe.

Wiki sita zilipokwisha, mfanyabiashara mwenzake Emérence alileta kutoka Mombasa mfuko uliojaa maji na hewa. Ndani yake mlikuwa na konokono watatu na samaki wawili wadogo kama kidole, wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe. Emérence hakuwamwaga mara moja. Aliuelesha mfuko, akawa anatia ndani yake maji ya sandukuni kidogo kidogo, mpaka wageni wakazoea.

"Chakula ni mara moja kwa siku, chenye kutosha vidole viwili tu," alimwonya Nadège. "Hata wakikuangalia kama wenye njaa, usiwaonee huruma."

Baada ya majuma machache Emérence alienda Butembo kwa siku tatu, akamwacha Nadège na jirani yao, mama Jokébed. Juma hilo shule ilikuwa imefungwa siku mbili kwa sababu ya risasi, na watoto walikuwa wamejifungia ndani kwa woga. Shule ilipofunguliwa, Sagesse, rafiki yake Nadège, alikuja na wenzake wanane kuona samaki.

"Niwape kidogo tu?" Sagesse aliomba.

Nadège akakubali. Samaki waliruka, watoto wakacheka. Basi kila mmoja akataka zamu yake. Huyu akatia mkate, yule kiini cha yai, mwingine tonge la fufu. Nadège alijua kwamba chakula kimezidi. Lakini ilikuwa vizuri kuwasikia wenzake wakicheka tena, na ilikuwa vizuri zaidi kuitwa mwenye samaki.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki walikuwa juu kabisa, wakifungua na kufunga midomo. Adhuhuri Emérence akarudi.

"Nini imefanyika hapa?"

Nadège akajibu haraka, "Sijui, Tantine. Nilikuta tu vile."

Emérence alimwamini. Akafikiri kwamba pampu imechoka, akamwita baba Ézéchias, fundi wa redio na baiskeli. Ézéchias aliichomoa pampu, akaifungua na kupanga vipande vyake juu ya kitambaa. Mapovu yakakoma. Mara samaki mmoja akalala ubavu karibu na jiwe.

Nadège alitazama vile vipande, akatazama samaki. Pampu haikuwa na ugonjwa wowote, na yeye peke yake alijua.

"Tantine, njo mimi!" alilia. "Niliacha batoto bawape mkate, na yai, na fufu! Iko yote chini ya mawe!"

Emérence hakugomba. "Baba Ézéchias, rudisha pampu mbio! Nadège, leta mpira wa maji!"

Kwa mpira mwembamba walivuta nje maji machafu pamoja na chakula kilichooza. Ézéchias akafunga mpira mwingine kwenye pampu ya baiskeli, akatumbukiza ncha yake majini, akasema, "Mumoja apige hewa bila kupumzika, nami nimalize hii."

Nadège alikimbia kumwita Sagesse na wenzao. Walipokezana kusukuma hewa, kila mmoja akihesabu hadi mia, jasho likiwatoka, wakitaniana mikono ilipochoka. Emérence alifungua mfuko wa pili wa chumvi, akatengeneza maji mapya, akayapima, akayamimina polepole. Pampu iliponguruma tena, yule samaki aliyelala akatikisa mkia, akajiinua. Watoto wakashangilia mpaka mama Jokébed akatoka nje kuuliza kama vita vimeisha.

Kulipokucha, maji yalikuwa yameanza kung'aa. Konokono mmoja alikuwa amekufa, lakini samaki wote wawili walikuwa wakizunguka mawe. Emérence alimwita Nadège, akamketisha karibu naye.

"Unajua nini iliniumiza?" alisema. "Haikuwa mkate. Ulitaka kufurahisha barafiki, na kosa la namna ile linaweza kupata mutu yeyote. Lakini uliposema 'sijui', tulianza kutibu pampu yenye haiko mugonjwa, na samaki wakabaki wanakufa mbele yetu. Fundi, munganga, hata tantine yako, wote wanafuata njia yenye umewaonyesha. Ukiwadanganya, hata mwenye akili nyingi anapotea."

"Nisamehe, Tantine."

"Nimekusamehe. Ulisema kweli wakati ilikuwa inakutisha, na ile kweli njo iliokoa hawa." Akampa kopo la chakula cha samaki. "Basi kesho wewe njo utawalisha. Leo bapumzike."

Nadège alipokea kopo kwa mikono miwili. "Na barafiki yangu?"

"Baje tu," Emérence alisema. "Bakule kwao kwanza, halafu baje na macho tu."

Nadège akacheka, akachukua daftari zake, akakimbilia shuleni.